Bastola ya idara au ya kujichagulia

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako niliipokea salama na nikaisoma mara mbili, lakini sikutaka kuijibu kwa pupa, kwa sababu jambo uliloniuliza nimekaa nalo miaka mingi nikiwa mwalimu wa shabaha, na katika miaka hiyo nimeshabadili msimamo zaidi ya mara moja. Unasema umeteuliwa kuingia katika kamati itakayoamua kama askari wenu waendelee kukabidhiwa bastola ya aina moja kutoka ghala la silaha, au kila mmoja aruhusiwe kujinunulia aipendayo. Nakupa jibu langu mapema ili usihangaike kulitafuta: mimi ningeiachia idara ichague risasi na magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, halafu askari achague ukubwa wa mpini utakaomkaa mkononi. Mengine yote yanayobishaniwa nayaona madogo.

Naanza na mkono, maana najua kamati nyingi huanza na bei. Wakati mmoja tuligawiwa bastola nene, ambayo magazini yake hupanga risasi safu mbili. Kulikuwa na askari mmoja mwanamke, mtulivu na mwenye macho makali, ambaye mtihani wa shabaha ulimshinda mara mbili mfululizo, na mimi kwa ujinga wangu niliandika kwenye fomu yake kwamba aongeze bidii. Mara ya tatu nilisimama ubavuni mwake nikaangalia mkono badala ya kuangalia karatasi ya shabaha. Kidole chake cha shahada kilikuwa kikigusa kifyatulio kwa ncha tu, na ili kifike hapo ilimbidi auzungushe mpini mkononi, hata mtutu ukawa hauko tena sambamba na mfupa wa mkono. Kila alipofyatua, bastola ilimpiga teke kwenye fundo la kidole gumba, mahali ambapo ingepaswa kutulia katikati ya kiganja, na risasi zikawa zinaangukia kushoto, zote upande mmoja, kama zilizopangwa. Niliazima bastola ya muundo uleule yenye mpini mwembamba, nikampa, na akafaulu kabla ya saa sita mchana. Ile fomu ya kwanza bado inaniuma.

Tangu siku hiyo nikawa mtetezi mkubwa wa uhuru wa kuchagua, na nilihubiri kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Kilichonirudisha nyuma ni kitu kidogo cha bati. Tulikuwa katika zoezi la askari wawili wawili, wakati ambapo kila mmoja wetu alikwisha ruhusiwa kubeba yake, mradi iwe ya risasi za milimita 9. Mmoja akaishiwa risasi nyuma ya kizuizi, akamwita mwenzake kwa sauti, na mwenzake akamrushia magazini kwa ustadi kabisa. Yule alipoisukuma ndani ya mpini ilikwama nusu. Aliipiga kwa kiganja mara mbili, akaitoa, akaitazama, akaipiga tena. Risasi zilikuwa zilezile na kipenyo kilekile, ila kiwanda kilikuwa kingine, na jino la kushikilia magazini lilikuwa mahali pengine. Mbele yetu zilikuwa karatasi tu, lakini hakuna aliyecheka.

Katika kumbukumbu za polisi wa Marekani, ambako mjadala huu ni wa zamani, yako mambo yanayofaa kuwekwa mezani mwenu. Aprili 1970, huko Newhall, California, askari wanne wa doria ya barabara kuu waliuawa katika muda usiofika dakika 5. Baadhi yao walikuwa na rivolva, yaani bastola ambazo kasha lake la risasi huzunguka, zenye risasi nzito za .357 Magnum, ilhali mazoezini walizoeshwa risasi nyepesi za .38 Special, ambazo sauti yake na teke lake ni tofauti kabisa. Sisemi kwamba hilo peke yake liliwaua, kwani yalikuwepo makosa mengine ya namna ya kumkaribia mtuhumiwa na ya kuijaza silaha upya, lakini ni mfano wa askari anayefanya mazoezi na kitu kimoja na kwenda kazini na kingine, jambo ambalo hutokea kwa urahisi zaidi kila mtu anapokuwa na silaha yake na mwalimu hana habari nayo.

Kuhusu ukubwa wa risasi, nakusihi msipoteze vikao vyenu. Baada ya mapambano ya Miami ya Aprili 1986, ambapo maafisa wawili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliuawa na watano wakajeruhiwa, shirika hilo lilihamia risasi ya milimita 10, likaiona inapiga teke kupita kiasi, likaingia kwenye risasi ya .40 S&W iliyotoka mwaka 1990, kisha katika miaka ya 2010 likarudi kwenye milimita 9, pale ambapo wengi walikuwa hawajabanduka. Safari ndefu hiyo imewatoa watu jasho na fedha, na sioni sababu ya kila askari kuifanya upya kwa mshahara wake.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa New York. Polisi wa jiji hilo walipoziacha rivolva na kuanza kutumia bastola za milimita 9 mwaka 1993, idara iliweka orodha fupi ya bastola tatu, Glock, SIG na Smith & Wesson, na askari akachagua humo. Wazo hilo nalipenda. Lakini idara hiyohiyo iliamuru Glock hizo ziwe na kifyatulio kizito, cha kuvutwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 5, kwa hofu ya risasi kutoka bila kukusudiwa. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya RAND ilichunguza ufyatuaji wa askari hao ikaona kwamba, katika mapambano ambayo mtuhumiwa naye alikuwa akifyatua, ni takriban risasi 18 tu katika kila 100 zilizompata aliyelengwa, na hata asipojibu zilikuwa kama 30. Hofu, giza na mbio vina sehemu kubwa katika hesabu hiyo. Hata hivyo, mtu aliyewahi kuvuta kifyatulio cha namna ile anajua jinsi mtutu unavyoyumba kabla risasi haijatoka, kwa hiyo nisingekubali idara itumie chuma kizito kuziba upungufu wa mafunzo.

Nisije nikaonekana nimeegemea upande wa idara kupita kiasi, kuna hoja moja ya wenzetu wa upande wa pili ambayo sijapata jibu lake. Silaha ya aina moja ikipata dosari, dosari hiyo ni ya jeshi zima. Agosti 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza kuzifanyia marekebisho bastola zake za P320, baada ya kudhihirika kwamba baadhi zingeweza kufyatuka zikianguka chini kwa pembe fulani. Idara iliyokuwa na mchanganyiko ilizuia chache na kazi ikaendelea, ila iliyokuwa imewapa askari wake wote bastola hiyo ililala na mtihani mzito. Ndiyo maana nasema orodha, hata iwe ya bastola mbili.

Jambo ambalo watetezi wa kujichagulia hawapendi kulisikia ni kwamba mwenye chake hukipamba. Januari 2016, huko Mesa, Arizona, mtu asiyekuwa na silaha mkononi alipigwa risasi na askari aliyekuwa na bunduki yake binafsi, ambayo kwenye kifuniko chake ilichongwa maneno ya matusi. Hakimu hakuruhusu baraza la wazee wa mahakama lioneshwe maandishi hayo, na mwaka uliofuata askari huyo aliachiwa huru, lakini waulize raia wanakumbuka nini kuhusu kesi ile. Andikeni kwa kalamu nzito: kifyatulio hakiguswi, chuma hakichongwi, na fundi wa idara peke yake ndiye anayefungua silaha ya kazi. Andikeni pia kwamba idara itakuwa na bastola za akiba, kwa sababu askari akifyatua risasi kazini, bastola huchukuliwa kuwa kielelezo na inaweza kukaa huko miezi mingi, na ikiwa ni mali yake binafsi, kesho yake ataingia zamu na nini?

Ninakubali kwamba aliyejinunulia huisafisha zaidi. Hilo nimeliona kwa macho yangu na sibishi.

Kuhusu mpini, viwanda vingi sasa vimeturahisishia kazi. Glock, kwa mfano, tangu kizazi chake cha nne cha mwaka 2010, huja na vipande vya kubadilisha mgongo wa mpini, kwa hiyo bastola moja inaweza kumfaa mwenye mkono mkubwa na mwenye mkono mdogo, huku magazini ikibaki ileile. Tatizo ni kwamba vipande hivyo mara nyingi hubaki kwenye boksi ghalani, kwa kuwa hakuna aliyeagizwa kuvitoa. Kabla kamati haijakaa tena, nenda ghalani kwenu ukaangalie. Kisha chukua askari ishirini bila kuwachagua, bastola iwe imeondolewa risasi na kukaguliwa na watu wawili, umwambie kila mmoja aishike kama anavyoishika kazini, mtutu ukielekea mahali salama na kidole kikiwa nje, halafu akiweke kidole kwenye kifyatulio pale tu utakapomruhusu. Tazama kinafika wapi, kwenye ncha, katikati, au kwenye kiungo, na uandike. Nitafurahi ukiniletea hesabu hiyo kabla hujaniletea bei.

Wako katika urafiki,
Mwalimu wako wa zamani wa shabaha