Maandalizi ya Jumamosi: kuvua perege, bwawa la Nyumba ya Mungu

Habari za jioni wanakikundi. Mvua za masika zimepungua, kwa hiyo Jumamosi tunakwenda bwawani. Tunaondoka stendi ya Moshi saa 10 alfajiri, na gari halitasubiri mtu, maana nataka tuwe tumeshatega kabla jua halijawa kali.

Kagueni mishipi leo, msingoje Ijumaa usiku. Pitisha uzi taratibu kati ya vidole. Ukihisi mkwaruzo, kata kipande hicho bila huruma. Ndoano ziwe ndogo, mdomo wa perege si mpana. Chubwi, yaani kizito cha kuzamisha uzi, iwe nyepesi. Chambo ni minyoo, na ugali wa dona uliokandwa hadi ukakaza. Pumba naleta mimi: tutazichanganya na udongo wa palepale, tufinyange madonge, turushe sehemu moja kuwavuta samaki, kisha tutulie. Jamani, tutulie kweli! Hakuna kukanyaga maji hata kwa kunawa, kwa sababu ya mamba.

Ninalowaomba kuliko yote: perege jike hulea mayai na vifaranga mdomoni. Ukimtoa samaki ukaona chini ya taya pamevimba, lowesha mikono kwanza, chomoa ndoano polepole, mrudishe majini hapohapo. Bwawa hili linalisha watu tangu miaka ya 1960, na hao vifaranga ndio samaki wa mwakani.

Suala la vibali nitaonana na afisa uvuvi. Nitumieni majina kamili kufikia Jumatano jioni. Maji ya kunywa na kofia, kila mtu ajibebee.