Siku zako mbili za Dar es Salaam

Uyole, Mbeya,
Jumapili jioni.

Ndugu yangu Mwalimu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Uyole, na poleni kwa mvua ambazo nasikia haziwapi hata nafasi ya kuanika nguo huko Tukuyu. Sisi ni wazima. Barua yako ilinifikia Alhamisi, nami nilifurahi kusoma kwamba semina yenu ya Dar es Salaam itakwisha Ijumaa, na kwamba utabaki na Jumamosi na Jumapili kabla ya basi la Jumatatu alfajiri. Umeniuliza uzitumieje siku hizo mbili. Nimekaa na swali lako tangu siku ile, kwa sababu safari yangu ya kwanza ya Dar es Salaam niliiharibu mwenyewe, na nisingependa yako iende vivyo hivyo.

Mimi nilikaa siku nne. Nilikwenda na karatasi yenye maagizo kumi na mawili ya watu, pamoja na ndugu watatu wa kuwasalimu, mmoja Mbagala, wa pili Tegeta, wa tatu Gongo la Mboto, kana kwamba sehemu hizo zimekaribiana kama Uyole na Mwanjelwa za hapa Mbeya. Kila siku nilitoka asubuhi na kurudi usiku, na saa nyingi zaidi ziliishia kwenye foleni, nikiwa nimesimama ndani ya daladala, nimeshika bomba. Mama yangu, ambaye hajawahi kuiona bahari, alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: chupa ndogo ya maji ya bahari, ayaonje chumvi yake kwa ulimi wake mwenyewe. Maagizo yote kumi na mawili niliyafikisha, lakini maji yake sikuyaleta. Aliniuliza kama nimekula, akanitengea chakula, na hakuigusia tena habari ile.

Kwa hiyo nakusihi usijaribu kuimaliza Dar es Salaam. Chagua kipande kimoja, nacho kiwe katikati ya mji, kuanzia Posta hadi Feri, ukitembee kwa miguu mpaka uzijue kona zake. Tafuta nyumba ya kulala wageni karibu na hapo, hata kama bei yake itakuwa juu kidogo, kwa maana fedha utakayookoa kwa kulala mbali utailipa kwa saa zako.

Hapo ndipo penye ugumu, maana najua shangazi yako wa Chanika atasikia vibaya ukifika mjini na usilale kwake. Mpigie simu kabla hujaondoka Tukuyu, umweleze kwa heshima kwamba siku ni mbili tu na kwamba unamwomba mkutane mjini Jumapili mchana, mle pamoja. Akilisikia neno hilo kutoka kwako mapema, atalipokea. Akija kusikia kwa watu baada ya wewe kuondoka, ataumia, na atakuwa na haki. Maagizo nayo yakatae yote, isipokuwa dawa ya mgonjwa.

Jumamosi amka mapema sana uende soko la samaki la Feri, pale Magogoni, kabla jua halijapanda. Wewe umezoea mbasa na usipa wa Ziwa Nyasa wanaoletwa kutoka Matema na Kyela. Pale utakuta nguru, changu, jodari na pweza wamepangwa juu ya meza zilizolowa, mnadishaji anataja bei kwa kasi ambayo sikio letu la huku linachelewa kuifuata, na wanunuzi wanajibu kwa kuinua kidole au nyusi. Nilipokwenda mara ya pili nilisimama karibu na kijana aliyekuwa anapara changu. Magamba yalikuwa yamemganda mkononi hadi kwenye kiwiko, yanang'aa, naye alikuwa anaongea na mteja bila kukitazama kisu hata mara moja. Nilisimama pale karibu nusu saa, wala siihesabu kuwa saa iliyopotea.

Ukitoka hapo, panda pantoni uvuke kwenda Kigamboni na kurudi. Safari ni ya dakika chache na nauli yake ni ndogo, lakini ukiwa katikati ya mkondo utauona mji wote kutokea majini, na paa la vigae vyekundu la kanisa la Azania Front, la enzi za Wajerumani, likiwa mbele ya maghorofa.

Kwa kuwa unafundisha Historia, nenda ukasimame mbele ya Sanamu ya Askari katika Barabara ya Samora. Ni ya shaba, iliwekwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na maandishi yake ni ya Kiingereza na ya Kiswahili, Kiswahili chenyewe kikiwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Halafu kumbuka kwamba jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao hao, na kwamba vita hiyo hiyo ilifika hapo kwenu mwaka 1916, Tukuyu ikiwa bado inaitwa Neu Langenburg. Wanafunzi wako wanapita kila siku katika mji huo bila kujua kwamba sanamu ile ya pwani inawahusu na wao. Ningekuwa wewe ningeyanakili maandishi yote kwenye daftari, neno kwa neno.

Jua likiwa kali, ingia Makumbusho ya Taifa, mwendo mfupi tu kutoka kwenye sanamu. Ndiyo taasisi inayotunza fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Usitembee juani kati ya saa sita na saa tisa. Joto la pwani lina unyevu na litakuchosha kabla hujatambua, na kinywaji chake ni dafu. Kariakoo pita jioni kwa ajili ya kutazama tu, hasa jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli, lenye paa kama miavuli iliyopinduliwa. Mkoba uwe kifuani.

Jumapili ni ibada, kisha chakula na shangazi. Baada ya hapo nendeni pamoja baharini, upande wa Kigamboni au Coco Beach penye mihogo ya kukaanga, mkakae mpaka jua lizame. Bahari haitulii mahali pamoja kama ziwa letu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, hurudi mbali sana hata ukaweza kutembea juu ya mchanga ambao asubuhi ulikuwa chini ya maji. Ukiyakuta yamekupwa, subiri. Uyaone yakirudi, uvue viatu, uyaache yakufike miguuni.

Hapo ndipo nina ombi langu. Chukua chupa ya nusu lita yenye kifuniko kizuri, ingia hatua chache mahali maji yalipo safi, uijaze. Usiyachote ufukweni penye mchanga uliochafuka.

Jumatatu uwe kituo cha Mbezi mapema, na sweta usiiweke kwenye buti la basi. Ukifika Makambako jioni utaihitaji. Basi likishapita Igawa nitumie ujumbe, nije kukupokea hapa Uyole. Ulale kwetu, Tukuyu utakwenda asubuhi. Mama atakuwa ameshafika kutoka Isongole, na sijamwambia lolote juu ya chupa. Ningependa aipokee kutoka mkononi mwako.

Wasalimie wote nyumbani. Asante sana, ndaga fijo.

Ni mimi, rafiki yako wa Uyole.