Mhariri, yule sio kipepeo wa ajabu, ni nondo wa matembele

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Shropshire, huku Uingereza karibu na mpaka wa Wales, huu mwaka wa 11 niko huku nafanya kazi ya kulea wazee, shifti za usiku. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila asubuhi nikitoka kazini hata viatu sijavua, na mara nyingi sina neno. Ila wiki iliyopita mmenikera. Mmeweka picha ya mdudu mkubwa wa kijivu kajibana ukutani, chini yake mkaandika "kipepeo wa ajabu azua taharuki", ndani ya habari jirani anasema eti katumwa, na mwisho wa habari mdudu kapigwa ndala akafa. Basi, habari imeisha. Hamjasema kijiji gani, hamjasema siku gani, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza yule ni nani.

Yule ni nondo, ndugu wa kipepeo anayeruka zaidi usiku, na mi namjua. Ukiikuza ile picha utaona ubavuni mwa tumbo ana mapande ya pinki na meusi yamepangana kama ngazi, jina lake la kitaalam ni Agrius convolvuli. Na nyie wote mnamjua sema hamjajua kama mnamjua, maana akiwa mtoto ndio yule kiwavi mnene mwenye kipembe mkiani anayemaliza matembele. Bibi yangu Muheza alikuwa na tuta la viazi vitamu nyuma ya jiko, asubuhi anatutuma wajukuu tukawaokote wale viwavi kwenye kikopo tuwapelekee kuku, na kuku walikuwa wanagombania yule mmoja mpaka huruma. Miaka yote ile hakuna aliyeniambia yule kiwavi akiachwa anaingia chini ya udongo, halafu anatoka ana mabawa yanayozidi upana wa kiganja changu.

Nimekuja kuambiwa huku. Septemba moja hivi natoka shifti saa kumi na mbili asubuhi, ukutani nyuma ya jengo chini ya taa kuna dude limelala, kijivu kama kipande cha ubao uliochakaa, nikapiga picha nikamuonyesha babu mmoja jirani yangu, mwalimu mstaafu, Mwingereza wa kijijini hasa. Babu wa watu kidogo adondoshe kikombe cha chai. Akanambia huyo ni mgeni kutoka kwenu, kila mwaka kuanzia mwisho wa Agosti wanapanda kutoka Afrika na kusini mwa Ulaya mpaka huku, wanaruka kwenye bustani za watu usiku wakifyonza maua ya tumbaku ambayo Waingereza wanapanda kwa ajili ya harufu tu, ulimi wake ukiunyoosha unazidi urefu wa mwili wake mwenyewe, na baridi ikikaza hawatoboi. Nikabaki nimesimama na viatu vya kazini. Mdudu wa tuta la bibi yangu, huku!

Basi tangu siku hiyo ndio nimenasa mimi badala ya nondo. Najua nikisema nondo wengi mnawaza zile za kujengea, au zile anazoshusha mbunge kwenye mjadala, au vile vidudu vinavyotoboa kanga sandukuni. Hapo ndipo tatizo linapoanzia, neno moja tumelibebesha kila kitu, kama vile ndege wote tungewaita ndege tukaishia hapo, kunguru ndege, mbuni ndege. Hapa Uingereza, kisiwa cha baridi, kuna aina kama 2,500 za nondo na vipepeo wa mchana hawafiki 60. Sasa kama kisiwa cha baridi kiko hivyo, Usambara je?

Wanavyofanya huku ni hivi. Babu ana boksi la mbao, juu ameegemeza vioo viwili vya plastiki vinainamiana vikiacha upenyo mwembamba katikati, balbu inaning'inia hapo juu, na ndani kajaza trei za mayai, zile zile za kijivu za dukani. Jioni anawasha, nondo wanafuata mwanga wanateleza kwenye vioo wanaingia ndani wanajibanza kwenye vishimo vya trei kama wako kwao. Asubuhi unainua trei moja moja taratibu. Mi huwa nafika pale saa moja kasoro nimechoka hoi, nyasi zimelowa, vidole vimekufa ganzi, na kuna kindege kimoja kifua chekundu kishajua ratiba, kinakaa kwenye mpini wa jembe kinasubiri tukosee. Ukishawahesabu unawaachia kwenye kichaka kizito mbali na hicho kindege. Hakuna anayeuawa. Usiku mwingine babu anachemsha sukari guru na bia na kijiko cha ramu anapaka kwenye nguzo za uzio kwa brashi ya rangi, halafu tunapita na tochi kuona nani kaja kulewa. Na pale ukutani kuna mmea unaotambaa wanauita aivi, unachanua wakati kila kitu kingine kimeshakufa, Oktoba yote ni baa ya nondo.

Majira haya ya majani kupukutika Waswahili wa huku tunayaita vuli, ingawa vuli ya kwetu ni mvua na kumbikumbi na ya huku ni ukungu na matope. Na mimi nilidhani baridi ikianza wadudu wote wamekwisha, kumbe ndio kundi lao linaingia. Kuna wa njano wenye mabaka ya kutu, ukimweka kwenye majani yaliyoanguka humtafuti tena. Kuna wa Oktoba mmoja ana jina la Kifaransa, Merveille du Jour, yaani ajabu ya siku hiyo, kijani cha maziwa kina vidoa vyeusi na vyeupe, mara ya kwanza nilipomkuta kwenye trei nikamtoa nikamweka kwenye shina la mwaloni ambalo gome lake limeota vile viukoko vya kijani kijivu, nikageuka kuchukua simu nipige picha, nikarudi simuoni. Babu anacheka. Yuko pale pale puani kwangu, mimi ndio sioni. Mwezi huu wa Novemba wameanza wale wanaoitwa nondo wa Disemba, weusi wa mkaa wana manyoya kama wamevaa koti, na yule hana hata mdomo wa kulia, siku zake zote za ukubwa anaishi kwa alichokula alipokuwa kiwavi. Na mwenzake mmoja wa baridi kabisa, jike lake halina mabawa ya kurukia, lina vijibanzi tu, linapanda mti kwa miguu usiku kama buibui na dume ndio linalifuata.

Sasa kwenye kutambua ndio nilipojifunza adabu. Nilikuwa na haraka, kila nikipata mmoja nataka jina, napiga picha naweka kwenye programu ya simu inanipa jina mimi naandika. Babu akaniita akanikalisha. Kuna wale wanaoitwa nondo wa Novemba, kijivu chepesi wana mistari ya mawimbi, hata paka angewaita wote wamoja, kumbe ziko aina tatu zinazofanana zinaruka wiki hizo hizo, na kuwatenganisha kwa uhakika inabidi uangalie ncha ya tumbo la dume kwenye hadubini. Picha haitoshi. Simu itakupa jina tena kwa kujiamini kabisa, na itakuwa inakudanganya. Kwa hiyo unaandika "kundi la nondo wa Novemba, saba", basi. Mimi niliona aibu kuandika kundi, naona kama nimefeli mtihani, babu akanambia aibu ni kuandika jina usilolijua. Na kila rekodi ina vitu vinne, nani kaona, kaona nini, wapi na lini. Ukikosa kimoja umepiga stori tu. Mwisho wa mwaka inaenda kwa mtu wa mkoa anayejitolea kuzikagua, na akiona umeandika kitu kigumu anakurudishia, leta ushahidi. Mimi nimerudishiwa mara nne, mbili nilikosea kweli, mbili picha yangu mbovu.

Mtu atasema haya ni mambo ya wazungu walioshiba. Haya, sikilizeni. Kuna nondo mmoja wa kijivu anaitwa Blair's Shoulder-knot, mwembamba kama kibanzi cha ubao, hapa Uingereza hakuwepo, wa kwanza kaonekana kisiwa cha Wight 1951, akaandikwa. Kiwavi wake anakula ile miti ya uzio jamii ya misaiprasi, watu wakaendelea kupanda uzio na yeye akaendelea kupanda kaskazini, leo yuko mpaka Scotland na kwenye boksi letu ni wa kawaida sana. Safari yake yote inajulikana kwa sababu kila alikotua palikuwa na mtu na daftari (mhamiaji mwenzangu, namheshimu). Na kwa daftari hizo hizo na mitego inayowashwa kila usiku kwa miongo, ripoti ya 2021 ikaonyesha nondo wakubwa wa Uingereza wamepungua kwa 33% ndani ya miaka 50. Hiyo ni theluthi nzima, na bila wale watu wa matope na tochi hakuna ambaye angejua, angesema tu "siku hizi wadudu wamekuwa wachache" kama tunavyosema sisi.

Na kwetu mbona kazi hii ipo, tena ya kuokoa chakula. Viwavijeshi ni watoto wa nondo. Tengeru Arusha wamefanya kazi ya kutabiri viwavijeshi kwa miaka mingi kwa kuhesabu nondo kwenye mitego, na Kilosa wakulima wenyewe wakapewa mtego wenye harufu ya jike na kipima mvua, mkulima anahesabu madume yaliyoingia, anaangalia mvua, anawaambia wenzake kaeni macho au laleni. Mkulima wa Kilosa anajua kutambua na kurekodi nondo kuliko mimi na babu. Halafu 2017 wakatuingilia wale viwavijeshi vamizi kutoka Amerika, mahindi yakaliwa, tukaongea viwavi mpaka basi, na bado ukimuonyesha mtu dume la yule nondo lenye doa jeupe kwenye ncha ya bawa anakwambia ni kipepeo mchafu. Gazeti lenu lenyewe mwaka ule liliandika viwavi kila wiki, sikumbuki kuona picha ya mama yao hata siku moja.

Kwa hiyo ombi langu Mhariri sio kuomba radhi, nimeshasamehe. Naomba kona. Nafasi ndogo tu, pale mnapoweka utabiri wa nyota ambao hata wenyewe hamuuamini. Sasa hivi mvua za vuli zinanyesha, taa ya kila baraza kuanzia Tanga mpaka Kigoma ina wageni usiku, na kila mtu ana simu. Msomaji apige picha ya nondo ukutani kabla hajashika ndala, kutokea juu na nyingine ya ubavuni, aweke sarafu ya shilingi mia mbili pembeni tuone ukubwa (sio kidole, vidole havilingani), asitumie flashi maana inaunguza rangi, na aandike kijiji na tarehe. Jina asihangaike nalo. Vyuo vyetu vina watu wa wadudu, mtafuteni mmoja awe anazipitia, na akikwama aandike "hatujui bado", mchapishe hivyo hivyo, msione aibu kama nilivyoona mimi. Na majina ya Kiswahili yatakuja yenyewe, watoto wa Muheza ukiwaonyesha mdudu mara tatu ya nne wameshampa jina.

Na yule wa kwenye picha yenu, mwenye simu iliyompiga muulizeni bado mapema, ilikuwa tarehe ngapi na wapi, na kulikuwa na tuta la viazi karibu au hapana. Mzoga usipotee kama haujatupwa, wamuweke kwenye boksi la kiberiti kubwa na kipande cha pamba. Mimi na babu tunasubiri jibu, yeye kila asubuhi ananiuliza gazeti lako limesema nini, na sina la kumwambia.

Msomaji wenu wa shifti za usiku,
Mwana Muheza,
Shropshire, Uingereza