Jumamosi tunaifungua mashine ya pinboli

Assalaam aleikum jamaa zangu,

Jumamosi baada ya alasiri tukutane kwangu Kibokoni, tuifungue ile mashine ya 1976, ya mchezo wa kupiga gololi. Mwenye mita ya kupimia stima au chuma cha kulehemu aje nacho. Kahawa na mahamri juu yangu.

Kwanza stima. Mashine imeundwa kwa volti 120 za Marekani, na ukutani kwetu ni 240. Bila transfoma ya kushusha, usiguse swichi. Fyuzi ikikatika, weka ya ampea zile zile. Ukitia kubwa zaidi, itakayoungua ni koili, yaani waya uliozungushwa unaovuta vyuma vya mashine.

Adui wetu mkubwa ni hewa ya chumvi. Gololi ikishika kutu, hata kidoa tu, hukwaruza rangi ya ubao wa kuchezea, na rangi hiyo hairudi. Ipitishe ukucha: ukihisi kukwama, badilisha. Ubao ufute kwa kitambaa laini kikavu, kisha nta ya kanauba (nta ngumu ya mmea) kidogo. Zile dawa za kupuliza za kulegeza kutu zisikaribie koili kabisa. Ndani ya koili za flipa, vile vipande vinavyoipiga gololi, hatutii mafuta. Yanakusanya vumbi tu mpaka flipa inagoma.

Urembo sasa. Globu za LED hazichemki sana, kwa hiyo picha ya kioo cha nyuma haibambuki upesi. Ila zile nyeupe kali, jamani, mashine inakuwa kama duka la simu! Nunueni zenye mwanga wa manjano, za volti 6. Wanaotaka kupaka kabati rangi mpya, tutabishana hapo hapo. Mimi ningeiacha ilivyo.

Watoto karibuni, lakini kioo kikitolewa wakae mbali.