Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mizaha Yetu kwa Grafu na Vibonzo

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, na wenzetu wengine hamjambo. Mwaka jana tulikubaliana papa hapa barazani kwamba mizaha ya Mombasa, ya feri, ya soko na ya mafundi, tusiiache iishie kwenye vikombe vya kahawa. Tuichore. Basi tumechora, na baadhi imechekesha.

Iliyochekesha kupita zote ni ya fundi cherehani na kanzu za Idi, ingawa tuliianza vibaya. Tuliichora duara, ile chati ya vipande kama mkate wa sinia, na kipande kikubwa tukakiandika "Kesho". Watu wakatazama, wakapita. Duara hugawa kitu kizima. Siku zikipita halina habari, na kichekesho cha fundi chote kimo katika siku. Tukairudia kwa mstari: chini tarehe za Ramadhani, 1 hadi 30, kando kazi iliyoshonwa. Mstari ukalala chali mpaka tarehe 28, kisha ukapanda kama mkwezi wa mnazi. Baraza zima likacheka, ila mwenzetu mmoja ambaye mwenyewe ni fundi. Alitoa daftari lake la vipimo akauliza, "Na vitambaa mliniletea lini?"

Tulilipitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Aibu tupu: wengi wetu tulimwendea kumi la mwisho. Tukaongeza mstari wa pili, wa vitambaa kufika, nao ukapanda bega kwa bega na ule wa kwanza. Grafu hiyo ilichekesha zaidi, maana sasa kila mtu alijiona. Ndipo kamati ikaamua kwamba hakuna kuchora kwa kukisia. Ukitaka kutania foleni ya feri ya Likoni, nenda ukasimame na saa. Wapo waliosema tunaua utani kwa rula. Sikubaliani nao, wa kutia chumvi hahitaji grafu.

Kuhusu vibonzo, tulijifunza jambo ambalo sikulitarajia. Mzee mmoja, aliyesomea chuo cha Kurani na kuzoea herufi za Kiarabu, alianza kusoma kibonzo kwa chumba (kile kisanduku cha picha) kilicho upande wa mkono wa kulia, akacheka, kisha akaja kushoto akauliza mbona mambo yanaanza upya. Sasa tunatia nambari kila chumba. Na maneno tuyapunguze, jamani. Kuna kibonzo cha mama wa viazi karai ambacho maneno yalimfunika mama, yakafunika na karai.

Mwanachama mmoja aliuliza kama haya yote ni ya kuiga. Grafu, naam: William Playfair, Mskoti, alichapisha za mistari na za nguzo London mwaka 1786, na duara akalitoa 1801. Lakini picha ndani ya fremu, na maneno machache chini yake ya kumchoma mtu, hayo tunayo kwenye leso: pindo la pembeni, mji wa katikati, na jina, yaani yale maneno. Nani hajamwona jirani akipita mlangoni pa mwenzake na leso mpya, kimya, na ujumbe ukafika? Pendekezo langu ni kwamba mwakani kila kibonzo kiwe na jina fupi kama la leso.

Uchapishaji ulituvunja moyo. Bango la duara la rangi sita lilirudi limechapwa nyeusi na nyeupe, vipande vyote kijivu kimoja. Tulikesha tukivitia alama kwa kalamu: mistari ya mlalo, ya wima, nukta, misalaba. Tuendelee hivyo hata rangi zikiwapo, maana mabango yetu mengi huishia kwenye fotokopi.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Alitaka pia kuwaonyesha grafu ya nguzo ya wanaodaiwa ada. Nimemwomba aiweke kando kwanza, kwani nguzo ya mwenyekiti haikuenea kwenye karatasi.