Kibali cha masomo Kanada: msikimbilie Montreal

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wazazi wenzangu wa Bukavu na Bujumbura kuhusu mpango wa majaribio ambao Kanada iliuanzisha Agosti 2024 kwa wanafunzi wa vyuo wanaosoma kwa Kifaransa nje ya jimbo la Quebec. Ombi la kawaida la kibali cha masomo humtaka kijana amridhishe afisa kwamba atarudi kwao masomo yakiisha, sharti ambalo limewaangusha wengi, kwani kijana wa miaka 19 asiye na shamba wala nyumba atathibitisha kwa hati gani? Chini ya mpango huu sharti hilo limeondolewa, kiwango cha fedha za kujikimu kimepunguzwa, na mhitimu ana njia ya kuomba ukaazi wa kudumu.

Hata hivyo, chuo lazima kiwe miongoni mwa vilivyoteuliwa, na nafasi zina ukomo: mwaka wa kwanza yalipangwa kupokewa maombi 2,300 tu. Jirani yangu alishalipa ada, bahasha ya taarifa za benki ikiwa kwapani, ndipo akagundua kwamba chuo alichochagua binti yake kiko Montreal, ndani ya Quebec.

Mzazi, Bukavu