Malalamiko: Intaneti inayokatika Mkomani, na chaja mliyoniletea

Mkomani, Lamu
26 Mei 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Pwani.

KUH: INTANETI INAYOKATIKA KILA SIKU TANGU 9 APRILI, NA SHILINGI 4,500 NILIZOLIPISHWA BURE

Assalaam alaykum.

Ama baada ya salamu, mimi ni mteja wenu, huu mwaka wa tatu. Nalipa shilingi 3,000 kila mwezi na sichelewi, maana nikichelewa hunikatia usiku uo huo. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili kwa njia ya video. Wanafunzi wangu wengi wako Ujerumani, na darasa kubwa huwa saa mbili usiku kwetu, saa moja kwao. Tangu tarehe 9 Aprili, ukitoa siku tatu nitakazozieleza mbele, sijamaliza darasa hata moja bila kupotea katikati ya sentensi. Kuna mwanafunzi ambaye sasa husema "Mwalimu, wanisikia?" kwa lafudhi ya Kiamu safi kabisa, kwa sababu ndiyo sentensi anayoirudia kuliko zote.

Barua hii ni ndefu. Nimewapigia simu mara sita, na kila mara nimepokewa na mtu mpya nikaanza hadithi upya. Safari hii naiandika yote, ili yeyote atakayeishika aisome hadi mwisho.

Tarehe 9 Aprili umeme ulikatika mchana, ukarudi kwa kishindo. Chaja ya ruta, kile kifaa chenu kinachotugawia intaneti nyumbani, ikafa hapo hapo, hata harufu yake niliisikia. Niliwapigia, na bahati fundi wenu alikuwa kisiwani kwa kazi nyingine, akaja kabla ya alasiri. Sina neno na yule kijana. Alivua viatu, akaamkia, akatoa chaja nyingine mkobani mwake, akaichomeka, taa za ruta zikawaka. Akanywa kahawa akaenda zake. Taa zikiwaka kila mtu huridhika, na mimi niliridhika.

Usiku ule ule mtandao ukakatika mara nne. Simaanishi kwamba ulipungua kasi. Jina la waifai lilitoweka kabisa kwenye orodha ya kompyuta, likakaa kama dakika mbili, likarudi.

Simu ya kwanza mliniambia nizime ruta nihesabu hadi thelathini niiwashe. Nikafanya. Simu ya pili mkaniambia hivyo hivyo. Simu ya tatu ndipo mlipoanza habari ya kuta, na hapa nataka nikae kidogo.

Mhudumu wenu alipojua niko Mkomani alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha pata jibu, "Aa, nyumba za kizamani hizo, kuta nene." Ni kweli. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mmoja karibu nusu mita, na mji wote wa kale uko katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hivyo sitauvunja ukuta kwa ajili yenu hata nikitaka. Ni kweli pia kwamba kuta hizi hula mawimbi. Mimi naketi ndani, na ruta iko msana wa nje, kile chumba kirefu cha mbele, kwa hivyo hilo nalijua tangu siku ya kwanza mlipotufungia. Lakini ukuta hupunguza nguvu ya mawimbi. Hauwezi kulifuta jina la mtandao kwa dakika mbili halafu ukalirudisha, tena mtu akiwa amekaa hatua tatu na ruta kama nilivyokuwa nimekaa mimi siku hiyo. Na kuta hizi zilikuwapo Januari, Februari na Machi, nikafundisha bila shida. Hazikunenepa Aprili.

Mhudumu huyo huyo akanishauri nihamie masafa ya gigahezi 5 kwa sababu "yana kasi". Yana kasi, naam, lakini hupenya ukuta kwa shida kuliko yale ya 2.4. Mtu aliyetoka kunilaumu kwa unene wa kuta ananipa dawa inayoshindwa na kuta! Nilijaribu. Chumbani mwangu mtandao wa 5 haukuonekana hata jina.

Simu ya nne mkaniuzia ekstenda, shilingi 4,500, ikaletwa kwa basi hadi Mokowe na boti hadi hapa, gharama ya kusafirisha juu yangu. Ekstenda haizai intaneti. Huipokea kutoka kwa ruta ikaisukuma mbele. Ruta ikizimika, hii yangu hubaki ikitangaza jina la mtandao na ndani hamna kitu, kama duka lililowashwa taa na rafu tupu. Kwa hiyo tangu niifunge nimekuwa na hali mbaya zaidi, kwa sababu kompyuta hung'ang'ania jina lile ikidhani imeunganishwa.

Sasa nikiri na langu. Mimi mwenyewe wiki tatu nzima niliilaumu kompyuta. Ina umri wa miaka minne, na ninyi mlisema "labda kompyuta imezeeka", nami nikaamini. Niliufuta mtandao nikaingiza nywila upya. Nilisasisha draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya waifai. Niliingia kwenye mipangilio nikaondoa ile alama inayoiruhusu Windows kuizima kadi ili kuokoa umeme, jambo ambalo huwatesa watu wengi wa laptopu, lakini halikuwa tatizo langu. Hata ruta niliitoa kwenye kidaka alipoiweka fundi wenu wa kwanza, pale palipokuwa na sahani za bibi yangu, nikaiweka mezani ipate hewa. Nguvu ya mawimbi iliongezeka kidogo. Kukatika kukabaki pale pale.

Kilichonipoteza zaidi ni simu ya mwanangu. Kila mtandao ulipokatika nilimwuliza, "Yako yafanya kazi?" naye hujibu, "Yafanya, mama." Basi nikasema ni kompyuta yangu peke yake. Kumbe simu ikikosa waifai huhamia data zake bila kumwambia mtu. Niligundua siku aliponijia kulalamika kwamba bando la wiki limekwisha kwa siku mbili. Hapo ndipo nilipoacha kuishughulikia kompyuta nikaanza kuiangalia ruta.

Nilifungua kwenye kompyuta madirisha mawili ya kuandikia amri. La kwanza nikaliacha likiita ruta yenyewe kwa namba 192.168.1.1, na la pili likiita 8.8.8.8, ambayo iko nje kabisa kwenye intaneti. Hesabu yake ni nyepesi. Ya nje ikinyamaza na ruta ikijibu, tatizo ni laini yenu. Zikinyamaza zote mbili, tatizo liko humu nyumbani. Zilinyamaza zote mbili kwa pamoja. Siku ya pili nikachomeka waya kutoka kwenye kompyuta moja kwa moja hadi kwenye ruta, waifai nikaizima kabisa. Saa mbili na dakika ishirini usiku, kwa waya, ikakatika. Waya haupiti ukutani. Basi kuta zangu zimetoka hatiani, na kompyuta nayo, kwa sababu mlio niliousikia haukutoka kwake: ulitoka kwenye ruta, kitu kidogo ndani yake kikalia "tik", taa zote zikazima, zikawaka moja moja kama asubuhi ikiwashwa.

Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta, mahali panapoonyesha imekuwa macho kwa muda gani tangu iwashwe. Ilisema dakika 3. Nilikuwa sijaizima tangu juzi. Ile ripoti ya waifai ambayo Windows huitengeneza yenyewe ya siku tatu (amri yake ni netsh wlan show wlanreport, wafundisheni wahudumu wenu) ilionyesha kukatika mara 19, na karibu zote ni kati ya magharibi na saa nne usiku, wakati nyumba nzima iko mtandaoni na mimi niko kwenye video. Usiku wa manane, watu wakilala, hakuna kitu.

Basi nikaigeuza ruta nisome chini yake. Pameandikwa: volti 12, ampea 1.5. Nikaichomoa chaja aliyoleta fundi wenu. Imeandikwa: volti 12, ampea 0.5. Na ilikuwa moto hata kuishika ni taabu.

Nilipoipiga ile simu ya sita kuwaeleza haya, mhudumu akanijibu, "Mama, chaja ni chaja, muhimu ni volti." Hapana, mwanangu. Zidisha volti kwa ampea: ruta inataka wati 18, na mliyoniletea inatoa 6. Hapa Lamu mizigo yetu ni ya punda, kwa hivyo nitawaeleza kwa punda. Punda wa magunia mawili ukimpakia sita si lazima aanguke palepale. Hujikaza hatua chache, kisha akalala njiani. Ukimpunguzia huinuka tena kana kwamba hapakuwa na jambo. Ruta usiku wa manane haina mzigo, husimama. Saa mbili usiku, masafa yote mawili yakirusha, simu nne na darasa la video juu yake, inalala njiani. Kisha inaamka, na ninyi mkiipima kutoka Mombasa mnaikuta imesimama na mnaandika "laini ni nzima".

Sikutaka kuwatuhumu kwa hesabu tupu. Jirani yangu mwenye nyumba ya wageni ana chaja ya ziada ya volti 12 na ampea 2, na kichwa chake kinaingia sawasawa na nguzo, chanya na hasi, ni zile zile. Ampea zikizidi hazina madhara, ruta huchukua inachohitaji tu. Nikaazima Jumatatu tarehe 19 Mei. Jumatatu, Jumanne, Jumatano: madarasa matatu, hakuna hata kukatika kumoja, na ile saa ya ruta ikahesabu siku 2 na saa 21 bila kurudi sifuri. Ekstenda ilikuwa imezimwa. Kuta zilikuwa zile zile. Alhamisi jirani akapata wageni akaihitaji chaja yake, nikamrudishia pamoja na sahani ya mahamri. Usiku huo, kwa chaja yenu, ikakatika mara tano.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayotaka. Kwanza chaja ya volti 12 na ampea 1.5 au zaidi, itumwe kwa basi hadi Mokowe kama ilivyotumwa ekstenda, na safari hii nauli iwe juu yenu. Msinambie nisubiri fundi apate safari ya Lamu. Chaja haihitaji fundi, na mtoto wangu anaweza kuichomeka. Pili mnirudishie 4,500 za ekstenda pamoja na nauli yake. Imo kwenye boksi lake, mtaichukua. Tatu, bili ya kuanzia tarehe 9 Aprili hadi siku chaja itakapofika ipunguzwe. Sitawapangia kiasi, lakini msije na shilingi mia mbili. Madarasa niliyoyarudia bila malipo ni 11, na hayo sijawadai, ingawa Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa mimi kama mtumiaji haki ya huduma ya ubora unaofaa na pia fidia ya hasara inayotokana na kasoro.

Na la nne, ambalo kwangu si dogo: kwenye rekodi yangu mmeandika "tatizo liko kwa mteja, jengo la zamani". Mhudumu wa tano alinisomea mwenyewe. Lifuteni. Majirani zangu wengi wa hapa Mkomani na Langoni wako kwenye majengo ya zamani, na kama hiyo ndiyo sababu yenu, wote watauziwa ekstenda. Mwulizeni pia yule fundi ana chaja ngapi za ampea 0.5 mkobani, na amezifunga katika nyumba ngapi. Simwombei adhabu. Nadhani alipewa boksi la chaja hizo na mtu aliyezinunua kwa sababu ni rahisi.

Nawapa siku 7 tangu mpokee barua hii. Najua utaratibu: malalamiko huanza kwa kampuni, na kampuni isipojibu hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Hatua ya kwanza nimeitimiza mara sita kwa simu na mara moja kwa maandishi.

Nimeambatisha picha ya kibandiko cha ruta, picha ya chaja, ripoti ya waifai, picha ya ukurasa wa ruta wa tarehe 22 Mei asubuhi, na risiti ya ekstenda. Namba ya akaunti yangu iko juu ya risiti.

Mkinijibu, piga simu ya kawaida, wala msinipigie kwa intaneti. Na isiwe saa mbili usiku.

Wenu,
Mwalimu, mteja wenu wa Mkomani